Upande wa Pili wa Gurudumu

Juma lililopita nilipita nyuma ya karakana wanakotengeneza magurudumu ya mikokoteni, na harufu ikanisimamisha njiani. Ilikuwa harufu ya mti ulioguswa na chuma chekundu. Haifanani na moshi wa kuni wala wa mkaa. Ina utamu na uchungu kwa pamoja, kama ndizi iliyosahauliwa motoni. Mwalimu mwenzangu niliyekuwa naye akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia moshi umeniingia machoni. Tangu siku hiyo uongo ule mdogo umenikaa vibaya, na nimeona afadhali niuondoe kwa kuandika, kwa ajili yenu mlio rika langu, mliokuwa watoto wakati wa Wadachi kama mimi.

Tulikaa kwenye ardhi ya misheni, bondeni, pale migomba inapoishia na matete ya ziwa yanapoanza. Tata, baba yangu, alikuwa mwendesha gari. Vijana wa siku hizi wakisikia gari hufikiria kitu kingine. Hilo lilikuwa gari la ng'ombe wanne, lenye magurudumu mawili marefu kuliko mimi, la kubebea mizigo ya meli kutoka ufukweni kwenda juu milimani. Fundi Mdachi wa misheni alimfundisha tata kuliendesha, kisha akamfundisha kulitengeneza. Majirani hawakuacha kulicheka. Kwetu ng'ombe ni mahari, ni maziwa, ni heshima ya mtu akifa. Kumfunga nira kama mtumwa lilikuwa jambo la kutia aibu. "Wa kwetu wananenepa," walikuwa wakimwambia tata njiani, "wa kwenu wanachukua masanduku ya kofia."

Watoto wao walituita watoto wa kengele, kwa kengele ya misheni iliyotuita salani. Nasema walituita, lakini nilikuwa peke yangu. Kaka yangu Lusekelo alikuwa mtu mzima, ameoa, na muda mfupi baada ya kuoa alichukuliwa kwenye meli ya serikali kukata kuni za tanuri lake. Alikuwa akirudi mara moja kwa miezi mingi. Wavulana wa umri wangu walikuwa wamekwisha kujijengea vibanda vyao mbali na wazazi, kama ilivyokuwa desturi, wakila pamoja na kulala pamoja. Wasichana walikuwa wakifuatana na mama zao mashambani. Mimi nilikuwa na kengele.

Na nilikuwa na Subilaga. Huyu alikuwa mke wa Lusekelo, msichana wa ufukweni, wa watu wafinyanzi, mwenye mikono mipana na kicheko kinachoanza kabla ya maneno. Aliniita wifi, nami nilijiona mkubwa kwa kuitwa hivyo. Alinifundisha kusuka ukindu, kuiga sauti ya korongo, na kula embe bila kuchafua nguo. Lakini kila kitu chetu kilikatika katikati. Tungekuwa tunacheka, ghafla kikohozi kikasikika njiani, na Subilaga akatoweka. Wakati mwingine aliacha mchele ukimwagika. Mara moja aliruka ndani ya mfereji wa maji na kuinama humo, nguo kichwani, mpaka tata alipopita.

Ninyi mnajua ni nini. Mke wa mwana hamwoni baba mkwe, hamsemeshi, hapiti alipopita, halitaji jina lake wala neno linalofanana nalo. Tata naye alikuwa akikohoa kwa heshima, ili ampe nafasi ya kujificha. Lakini hakuna mtu aliyenieleza mimi. Watu wazima hudhani mtoto huzaliwa na desturi kama anavyozaliwa na meno ufizini. Mimi nilichokiona kilikuwa hiki tu: mwanamke mchangamfu anasikia sauti ya tata, anakimbia kama aliyeona chui.

Kisha mama naye akaondoka.

Nilikuwa shambani nikifukuza ndege kwenye mpunga. Niliporudi, kitanda cha mama kilikuwa kitupu na chungu chake cha maji hakikuwapo. Tata hakuwapo. Subilaga alinipa ndizi za kuchemsha akasema, "Mama amekwenda juu, nyumba ya wagonjwa ya misheni." Nikamwuliza anaumwa nini. Akasema, "Amekwenda na vijana wa shule." Hilo halikuwa jibu, nami nililiweka mahali pake kwa namna yangu. Niliamua kuwa kuna kitu kinachowapata wanawake wa nyumba yetu. Siku moja wanaanza kumkimbia tata. Kilianza kwa Subilaga, kikampata mama, naye kwa kuwa ni mkubwa zaidi amekimbilia mbali zaidi. Zamu inayofuata ni yangu. Kwa miezi kadhaa, kila tata alipoingia nyumbani, nilijichunguza miguu kama inataka kukimbia.

Haikutaka. Nilimpenda sana, na hilo lilinitisha zaidi, kwa sababu niliamini hata mama alikuwa akimpenda.

Karibu na sikukuu ya Kuzaliwa kwa Bwana gari lilivunjika. Gurudumu la kushoto liliingia kwenye shimo barabarani, upande wa Busale. Fito tatu zinazounga kitovu na mzingo zikakatika, mti wa mzingo ukapasuka mahali pawili, na ile pete ya chuma inayozunguka nje ikapinda na kulegea. Shule ilikuwa inafungwa. Wazungu walikuwa wanapanda milimani kwa sikukuu, na vijana wa misheni walikuwa wamekwisha kuruhusiwa kwenda makwao. Fundi Mdachi alilitazama gurudumu, akamwambia tata: ukiliweza kabla shule haijafunguliwa, lichukue gari juma zima, ukamlete mkeo. Ukishindwa, litangoja mpaka nirudi.

Na kungoja kulikuwa na maana moja. Mvua kubwa zilikuwa zimekaribia. Zikishuka, barabara ya kupanda milimani huwa mto wa matope, na gari halipiti tena mpaka majira ya kiangazi. Tata alilivingirisha gurudumu lile bovu mpaka uani kwetu, akalilaza chini, akavua shati.

"Kwa nini hapa?" nikamwuliza. "Kwa nini si karakana?"

"Karakana imefungwa. Na hapa nina wewe."

Nilikuwa sijawahi kuambiwa neno kama hilo. Siku zile tisa au kumi nilifanya kazi kama ng'ombe wa tano. Nilivuta mivukuto ya ngozi ya mbuzi mpaka mabega yakafa ganzi. Nilishika kamba tata alipopima mzunguko wa mti, kisha mzunguko wa chuma, kisha akapima tena kwa kuwa vilikataa kupatana. Alichonga fito mpya kwa shoka dogo, akizilainisha kwa kipande cha kioo, akizigonga na kusikiliza sauti yake. Alikata chuma, akakiunga upya motoni, pete ikawa ndogo kidogo kuliko mti.

"Sasa haitaingia," nikamwambia.

"Haitaingia ikiwa baridi. Chuma kikipata moto kinanenepa. Tukikivisha kikiwa chekundu, tukakimwagia maji, kinakonda na kuubana mti wote. Hakiachii tena."

"Nani anakivuta ndani kikikonda?"

Tata akafikiri. "Fundi hakuniambia," akasema. Nilipenda kwamba hakunidanganya.

Shida ilikuwa hii. Pete inainuliwa na watu wawili kwa makoleo, mmoja kila upande, wa tatu anamwaga maji. Mimi nilikuwa wa tatu. Wa pili hakuwapo. Tata alikuwa amezungumza na majirani wawili, nao waliitika vizuri. Lakini siku mbili kabla ya kazi alikufa mzee mkubwa ng'ambo ya mto, na nchi nzima ikahamia msibani. Ngoma zilisikika mchana kutwa. Kwetu msiba wa mtu mkubwa ni siku nyingi: wanaume wanacheza na mikuki, ng'ombe wanachinjwa, pombe inanywewa, na asiyefika anajulikana. Tata hakufika. Misheni ilikuwa imewakataza Wakristo ngoma ile, na tata alikuwa ametii tangu alipobatizwa, msiba baada ya msiba.

Alipokwenda kuwaita wale wawili alirudi peke yake. Alinisimulia nikiwa mtu mzima waliyomwambia: "Sisi tupo kwenye kazi ya watu. Wewe waite wa kengele wakusaidie." Hata sasa sijui kama nawalaumu. Mtu asiyelia na wenzake anataka wamwinulie chuma kwa sababu gani? Lakini pia sijui tata angefanya nini. Kila upande ulikuwa umemwekea mlango, na kila mlango ulifungwa kutoka nje.

Aliamua kujaribu na mimi. Tulipanga mawe, tukalaza pete juu yake, tukaizungushia kuni na magome mpaka ikawa duara la moto. Ilipokuwa nyekundu, aliishika kwa koleo upande mmoja na kuinua upande wa pili kwa mti mrefu uliolowa. Alitembea nayo hatua sita kama mtu aliyebeba nyoka. Pete iliingia upande wake, ikakataa upande wa pili. Mti ukawaka. "Maji!" akapiga kelele, akimaanisha kule kunakowaka. Mimi nikamwaga hapo nilipo, upande ule uliokwisha kuingia. Chuma kikalia, kikabana hapohapo, kikiwa kimekaa mshazari kama kofia ya mlevi.

Tata hakunigombeza. Alichukua nyundo, akaitoa pete kidogo kidogo, muda mrefu, na mti ukabaki na kovu jeusi lakini haukupasuka. Kuni zilizobaki zilitosha kuwasha moto mmoja tu. Milima ya upande wa mashariki haikuonekana tena. Mawingu yalikuwa yamekaa juu yake kama kuku aliyeatamia.

Aliketi juu ya kitovu cha gurudumu, mikono ikining'inia. Nikaona ndiyo nafasi ya kumwuliza.

"Tata, gari likipona, atakubali kuja?"

"Nani?"

"Mama. Si amekukimbia, kama wifi anavyokukimbia?"

Nilidhani hakusikia, nikaeleza yote: jinsi nilivyokuwa nikichunguza miguu yangu, jinsi nilivyoamua kwamba nikianza kukimbia nitajificha karibu, kwenye matete, ili niwe namwona. Tata alinitazama kana kwamba nilikuwa nikisema lugha ya mbali.

"Mama yako aliteleza mtoni," akasema. "Mfupa wa paja ulivunjika. Vijana walimpandisha juu kwa machela. Mfupa umeunga, lakini kuteremka kwa miguu hawezi. Mwana, hakuna mtu aliyekuambia?"

"Waliniambia amekwenda juu."

Tata akafunika uso kwa mikono yenye masizi. Hapo ndipo sauti ilipotoka nyuma ya ukuta wa mianzi wa jikoni. Ilikuwa sauti ya chini, na iliniita mimi.

"Wifi."

"Naam."

"Mwambie mwenye nyumba, kesho asingoje watu wa msibani."

Nikamtazama tata. Alikuwa ameyasikia kama nilivyoyasikia mimi, hatua kumi hazifiki. Lakini alikuwa amegeuza uso kuelekea ziwani, akingoja. Nikaelewa kwamba ni lazima niyapeleke.

"Anasema usingoje watu wa msibani."

"Mwulize nani atashika koleo la pili."

"Tata anauliza nani atashika koleo la pili."

"Mwambie mimi nimekulia kwenye matanuri ya vyungu. Moto haunitishi. Kinachonitisha anakijua."

Tata alisikiliza ngoma za ng'ambo mpaka zikabadilisha mwendo. Kisha akasema, "Mwambie nitatundika mikeka."

Nimelifikiri jibu hilo mara nyingi. Tata alikuwa mzee wa kanisa. Mchungaji alikuwa amesema mara kadhaa kwamba mambo ya kukimbia wakwe ni giza, na tata alikuwa akiitikia amina. Basi mikeka ile alimtundikia nani? Subilaga, ili asiwe amevunja mwiko? Yeye mwenyewe? Majirani? Nilipokuwa chuoni nilidhani nina jibu: kwamba mtu huacha desturi kwa mdomo kwanza, mwili ukifuata baada ya miaka. Sasa sina hakika hata na hilo. Labda alimheshimu tu, na hakuwa na njia nyingine ya kuheshimu.

Asubuhi alifunga kamba ndefu kutoka mgomba hadi nguzo ya zizi, ikipita juu ya mawe ya moto na juu ya gurudumu. Alitundika mikeka mitatu iliyolowa maji, ncha zake za chini zikifika kifuani pa mtu. Yeye angekuwa huku, Subilaga kule, na pete ingepita chini ya mikeka kama mtu anayeinama mlangoni. Wangeonana mikono na miguu tu. Mtu yeyote asiye wa kwetu angeona kosa lililokuwa mbele ya macho yetu: tulikuwa tunaning'iniza mkeka juu ya moto. Sisi hatukuliona. Tulikuwa tunafikiria macho.

Nilikaa mwisho wa kamba, kati ya pande mbili, na vyungu vitano vya maji. Subilaga alitoka jikoni akitembea kinyumenyume, nguo kichwani, akashika koleo lake. Miguu yake niliiona ikisogea kutafuta mahali imara. Kisha ikaacha.

"Mwambie ashike karibu na kiungo," tata akasema.

"Wifi, shika karibu na kiungo."

"Mwambie nimeshika."

"Ameshika."

"Mwambie tukiinua tusiharakishe, tuende kama wabeba jeneza."

"Wifi, kama wabeba jeneza."

"Mwambie basi asiniue kabla ya kufika," Subilaga akasema, na nikasikia kicheko kidogo, nacho nikakifikisha neno kwa neno. Tata akakohoa, na najua alikuwa anacheka.

Wakainua. Pete ilitoka motoni, nyekundu kama jua la kiangazi. Ilivuka hatua ya kwanza, ya pili. Nyuma yao miali iliruka, mkeka wa kwanza, uliokuwa umekwisha kukauka bila sisi kujua, ukashika moto. Kamba ikawaka. Mikeka yote mitatu ilianguka kwa pamoja, kama mtu aliyekatwa miguu.

Wakabaki wawili, uso kwa uso, na chuma chekundu katikati yao.

Hakuna aliyeweza kukiachia. Kama mmoja angekimbia, mwingine angeungua, na mti ungeungua, na mama angebaki juu mpaka kiangazi. Nilifungua mdomo kupeleka ujumbe, lakini hapakuwa na ujumbe. Nguo ya Subilaga ilikuwa imeteleza mabegani. Macho yake yalikuwa wazi kabisa.

"Subilaga," tata akasema. Hakuwa amewahi kulitamka jina hilo. "Vuta kwako."

"Nimevuta, tata."

"Shusha."

"Nashusha."

"Bado kidogo. Kwako. Hapo."

Pete iliingia. Mti ulilia, moshi ukatoka pande zote sawasawa, moshi wa ile harufu. Tata alizunguka akigonga kwa nyundo, Subilaga akazunguka akibonyeza kwa koleo, na safari hii nilimwaga maji nilipoambiwa, chungu baada ya chungu, mpaka mvuke ukatufunika wote watatu na sikuona mtu. Fito zilitoa sauti moja baada ya nyingine, ta, ta, ta, zikiingia mahali pake. Mvuke ulipoondoka Subilaga hakuwapo. Mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa. Tata alikuwa amesimama akiangalia ziwa, koleo bado mkononi.

"Mwambie ndaga," akasema baada ya muda, neno letu la asante. Nikaenda mlangoni nikasema ndaga. Ndani nikasikia ukindu ukichanwa.

Kesho yake alifunga ng'ombe akaondoka kabla mawingu hayajafika bondeni. Mimi na Subilaga tulibaki. Siku hizo angeweza kutembea uani apendavyo, lakini alikaa ndani sana, akisuka mikeka mingine.

Siku ya pili wanawake walianza kurudi kutoka msibani, nami niliwakuta mtoni. Waliona masizi kwenye kucha zangu. "Gwe mwana wa kengele," mmoja akaniita, "tumeona gari likipita Busale. Baba yako alilitengeneza na nani, na malaika?"

Wenzake wakacheka. Na mimi, ambaye kwa miaka sikuwa nimeulizwa kitu na mtu yeyote mtoni pale, nikawasimulia. Niliwasimulia vizuri. Niliwaonyesha jinsi mikeka ilivyoanguka. Niliiga sauti ya tata akisema Subilaga, vuta kwako, na sauti ya Subilaga akijibu. Nilipomaliza, hakuna aliyekuwa anacheka. Vyungu vilikuwa vimejaa na kumwagika, hakuna aliyejitwisha chake. Nilidhani ni kwa mshangao wa uhodari wetu. Nilirudi nyumbani nikiruka.

Shangazi, dada mkubwa wa tata, alifika asubuhi iliyofuata akifuatana na mama mmoja wa ukoo. Hakuwa mkali. Aliketi kwenye kigoda akasema kwa huzuni, "Kaka yangu alifunga ng'ombe nira, tukanyamaza. Sasa amemfunga mkwe." Akaeleza kwamba jambo lenyewe lina dawa: ng'ombe mmoja, maneno machache ya wazee, Subilaga apakwe majivu na aoshwe, yaishe. Lakini mpaka hapo asikae kwenye uwanja huu, maana kizazi chake kitakauka, na Lusekelo akirudi atakuta mke tasa.

Subilaga hakubishana. Alifunga mkeka wake na vyungu viwili. Mlangoni akachuchumaa mbele yangu.

"Wifi, ulisema nini mtoni?"

"Nilisema ulivyo hodari."

Akanishika kidevu. "Ulisema kweli," akasema, na akaenda nao wamrudishe kwao ufukweni.

Mama alifika siku tatu baadaye, mvua ya kwanza kubwa ikiwa nyuma ya gari kama mbwa. Alikuwa amelala juu ya majani chini ya ngozi ya ng'ombe. Alikuwa mwembamba, na mguu mmoja ulikuwa mfupi kidogo, lakini alikuwa ananukia mama. Nilipanda juu ya gari nikalala naye hapo hapo, na hakunikemea. Nadhani kwa muda huo sikumkumbuka Subilaga hata kidogo. Naliandika hilo kwa sababu ni kweli.

Mama ndiye aliyemuulizia. Shangazi akaja akamweleza tata uso kwa uso, akamtaka ng'ombe wa kusafishia. Tata akaenda kwa mchungaji. Mchungaji alisema hakukuwa na kosa lolote, kwa hiyo hakuna cha kusafishwa, na Mkristo akichinja kwa ajili hiyo atakuwa amekiri giza na ataondolewa mezani pa Bwana. Wazee walisema kosa lipo, walioliona ni wawili na mtoto wa tatu. Nilisikiliza pande zote mbili, na kila upande ulikuwa na hoja iliyokamilika, isiyopenyeka. Hakuna aliyeuliza mfinyanzi anafanya nini ufukweni. Tata alianza kwenda zizini kila asubuhi, akimtazama ng'ombe mmoja mweusi, akirudi ndani.

Mvua zilipopungua kidogo mama alinituma peke yangu kwenda kumsalimu, na mkungu mdogo wa ndizi kichwani. Nilitembea ufukweni mpaka kwao. Nilimkuta chini ya kibanda na mama yake, amekaa juu ya majani, akizunguka chungu kikubwa, kwa kuwa kwao chungu hakizunguki, anazunguka mfinyanzi. Aliniona, akatabasamu, mikono haikusimama.

"Mama anatembea?"

"Kwa fimbo."

"Anafika mtoni?"

"Tata amemkataza."

Akazunguka nusu ya chungu. Nilikuwa nimejipanga kumwambia kwamba ng'ombe mweusi bado yupo, kwamba tata humtazama kila siku, kwamba mimi nisingesema tena mtoni maisha yangu yote. Lakini aliniuliza jambo jingine.

"Na gurudumu? Likienda linapiga kelele?"

"Hapana. Limenyamaza kabisa."

"Basi tulilikaza vizuri," akasema, akachota udongo mwingine akauweka juu ya mdomo wa chungu, na akaendelea kurudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, mpaka chungu kikawa kati yetu.